Pleya Imejiapdeti na Mpangilio wa Nyimbo Umevurugika: Namna ya Kuokoa Orodha Zako

Ilikuwa Jumamosi, saa mbili usiku, ukumbini Tanga. Nimeketi nyuma ya spika nasubiri MC aite keki. Orodha yangu ya sendofu ina nyimbo 42 nilizozipanga kwa mkono: za kupokea wageni, wa binti kuingia, wa keki, za zawadi, wa kuagana na mama, halafu za kuserebuka mpaka ukumbi ufungwe. Nafungua pleya kwenye simu, nakuta sura ngeni. Rangi mpya, vitufe vikubwa, na nyimbo zangu zote zimejipanga kwa alfabeti. Wimbo wa kuagana na mama umepanda juu kabisa kwa kuwa jina lake linaanza na A. MC akasema "Muziki!", nikabonyeza bila kutazama, ukalia huohuo. Mama akaanza kulia keki haijaguswa, na mashangazi wakamfuata.

Pleya ilikuwa imejiapdeti mchana ule, simu ikichaji kwenye waifai ya gesti. Iliondoka na vitu vitatu nilivyovitegemea: kuburuta wimbo juu au chini ndani ya orodha, kuamuru muziki usimame wimbo ukiisha, na kugawa orodha katika mafungu. Mtu anayesikiliza nyimbo jikoni huenda asitambue kilichoondoka. Kwa anayepigia watu shughuli, hiyo ndiyo kazi yenyewe.

Tangu siku hiyo wenzangu kadhaa wamenipigia kwa shida ileile, na wengi wao walikuwa wameshafanya kosa moja kabla ya kuninyanyulia simu: wameifuta pleya ili waipakue upya. Kwa hiyo naanza na hilo.

Kwanza, usifute kitu

Kwenye Android, nyimbo na orodha mara nyingi hazikai pamoja. Nyimbo ni mafaili, yako kwenye memori kadi au kwenye simu, unayaona. Orodha imeandikwa ndani ya hifadhi ya pleya yenyewe, chumba ambacho programu nyingine haziruhusiwi kuchungulia. Ukiiondoa pleya, simu inafagia chumba hicho chote. Nyimbo zitabaki palepale, ila mpangilio wako wa miaka mitatu umekwenda.

Kitufe cha "Futa data" kwenye mipangilio ya programu kinafanya vilevile, kwa hiyo usikiguse. Cha kufuta akiba ni kingine. Hicho kwa kawaida huondoa picha za kava na takataka za muda tu. Lakini vinakaa jirani mno kwenye skrini, na mtu mwenye hasira kidole hakitulii. Viache vyote viwili.

Sasa fungua kila orodha uipige skrinshoti, kipande kwa kipande, mpaka mwisho. Hata kama imevurugika, walau majina ya nyimbo yamo. Mwenzangu mmoja wa Muheza alikuwa na orodha ya nyimbo 300 na zaidi. Yeye alirekodi skrini huku akishusha taratibu, ikawa video ya dakika mbili. Akili nzuri, nimeiiba.

Pili, hakikisha kimeondolewa kweli

Hapa niseme ukweli unaoniaibisha kidogo. Usiku ule niliwalaani watengenezaji wa ile pleya njia nzima ya kurudi gesti. Asubuhi, kichwa kikiwa kimepoa, nikaona alama ndogo ya mishale miwili pembeni ya jina la orodha. Nikaibonyeza: "Panga kwa: jina". Chini yake kulikuwa na chaguo jingine, "mpangilio maalumu". Nikalichagua, nyimbo zangu 42 zikarudi kwenye mstari wake kama askari. Apdeti ilikuwa imebadilisha tu namna ya kuzionyesha.

Kwa hiyo kagua kabla ya kuhukumu. Bonyeza jina la wimbo kwa muda mrefu uone kama vipini vya kuburuta vitajitokeza upande wa kulia. Fungua nukta tatu za orodha, kisha nukta tatu za pleya nzima, maana hizo ni menyu mbili tofauti. Pitia mipangilio yote, hata sehemu zenye majina yasiyohusiana; wabunifu wa sura mpya wana tabia ya kuficha kitu cha zamani chini ya "Nyinginezo".

Mimi nilipata mpangilio, lakini kuburuta na kusimamisha baada ya wimbo havikuwepo popote. Hapo ndipo nilipojua sina budi kuhama.

Tatu, toa orodha nje ya pleya

Tafuta ndani ya pleya neno la kuhamisha, kutoa au kuhifadhi nakala. Ikikupa faili lenye mwisho wa .m3u au .m3u8, umepona, karibu kila pleya ya maana inalisoma. Ikikupa faili la aina yake yenyewe, lisiloeleweka na programu nyingine, lichukue hivyohivyo na ujitumie kwa WhatsApp au barua pepe. Litakufaa ukirudisha toleo la zamani la pleya hiyohiyo, ingawa kwingine halina kazi.

Isipokupa chochote, jaribu njia hii kabla ya kukata tamaa. Sakinisha pleya ya pili pembeni ya ile ya kwanza, bila kuiondoa ya kwanza, uangalie kama orodha zako zimejitokeza humo. Zamani Android ilikuwa na ghala la pamoja la orodha za nyimbo, na pleya kadhaa za enzi hizo zilihifadhi humo. Kuanzia Android 12, iliyotoka 2021, Google walitangaza kwamba ghala hilo wameliacha: lingeendelea kufanya kazi ili kutovunja programu za zamani, lakini hawataliendeleza, na waundaji wa programu wakaelekezwa kwenye mafaili ya M3U. Hii ni sababu moja inayoweza kufanya pleya iliyokaa miaka bila shida ibadilike ghafla namna inavyotunza orodha.

Kama orodha zako ziko kwenye huduma za kusikiliza mtandaoni, mambo ni mengine. Huko huna mafaili ya nyimbo; orodha ni majina tu yanayokaa kwenye seva za wenyewe. Google Play Music ilipofungwa 2020, watumiaji walipewa njia ya kuhamishia orodha zao YouTube Music, ila walipaswa kufanya hivyo kabla mlango haujafungwa. Nakili majina ya nyimbo na waimbaji kwenye daftari la simu, kwa mpangilio unaoutaka. Inachosha, najua, lakini maandishi hayo hayamtegemei mtu.

Nne, andika orodha yako mwenyewe

Hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa ndipo nilipopata amani. Faili la M3U linaonekana kama jambo la mafundi, kumbe ni karatasi ya maandishi matupu. Pleya iitwayo Winamp, iliyotoka 1997, ndiyo iliyolifanya lienee, na mpaka leo linasomwa vilevile. Ukiweza kuandika ujumbe wa simu, unaweza kuandika M3U. Hiki ni kipande cha langu:

#EXTM3U
#EXTINF:212,Kupokea wageni
Sendofu/kupokea-wageni.mp3
#EXTINF:305,Binti anaingia
Sendofu/binti-anaingia.mp3
#EXTINF:-1,Keki
Sendofu/keki.mp3

Mstari wa kwanza unaitambulisha pleya kwamba hii ni orodha. Baada ya hapo kila wimbo una mistari miwili. Ule unaoanza na alama ya reli una urefu wa wimbo kwa sekunde, mkato, halafu jina litakaloonekana kwenye skrini. Kama hujui sekunde, andika -1 kama nilivyofanya kwenye keki. Mstari unaofuata ndio wenye kazi: njia ya kulifikia faili la wimbo. Ukiwa na haraka, mistari ya alama ya reli unaweza kuiacha yote ukaandika njia za mafaili tu, na pleya nyingi zitaelewa.

Kuhamisha wimbo sasa ni kukata mistari miwili na kuibandika mahali pengine. Kuburuta nilikonyang'anywa nimekurudisha kwa kidole changu mwenyewe.

Kuna mitego minne iliyonila, nakutajia ili isikule.

Wa kwanza ni njia ndefu. Ukiandika njia nzima, kwa mfano /storage/3A1F-0C22/Music/Sendofu/keki.mp3, orodha itafanya kazi leo. Yale maandishi 3A1F-0C22 ni jina la memori kadi yako. Siku utakayoiformati au kununua nyingine, jina litabadilika na orodha nzima itakuwa inaelekeza kwenye nyumba iliyobomolewa. Andika njia fupi, inayoanzia pale lilipo faili la orodha. Orodha yangu inakaa kwenye folda ya Music, na ndani ya Music kuna folda ya Sendofu. Ndiyo maana nimeandika Sendofu/keki.mp3 basi. Folda hiyo nikiihamishia simu nyingine pamoja na orodha yake, kila kitu kinakubali.

Wa pili ni mkwaju. Kompyuta ya Windows hutumia mkwaju unaolalia nyuma, simu hutumia wa mbele. Orodha iliyotengenezwa kwenye kompyuta ikikataa simuni, angalia mikwaju kwanza.

Wa tatu ni ritifaa, na huu unatuuma sisi waandishi wa Kiswahili zaidi. Faili limeitwa ng'ara.mp3 kwa ritifaa iliyonyooka. Wewe unaandika orodha kwa simu, nayo kibodi kwa ujuaji wake inakuwekea ritifaa iliyopinda: ng’ara. Jicho halioni tofauti, pleya inaiona, na wimbo unarukwa kimyakimya. Nilitafuta kosa hilo saa nzima. Siku hizi majina ya mafaili nayaandika bila ritifaa, bila nafasi, herufi ndogo tupu. Kama una nyimbo za Kikongo zenye herufi za Kifaransa, au za taarabu zilizoandikwa Kiarabu, na hutaki kuzibadili majina, hifadhi orodha kwa mwisho wa .m3u8, ambao huiambia pleya isome maandishi kwa UTF-8, mfumo wa kuandika herufi za lugha zote. Hakikisha na kihariri chako kimehifadhi kwa mfumo huohuo.

Wa nne ni mwisho wa jina. Baadhi ya programu za kuandikia hubandika .txt zenyewe, unapata sendofu.m3u.txt. Fungua kipekuzi cha mafaili, washa kuonyesha miisho ya majina, uifute hiyo .txt.

Mwenye kompyuta ya Windows ana njia ya mkato. Fungua dirisha la amri (Command Prompt) ndani ya folda ya nyimbo, andika:

dir /b /on *.mp3 > orodha.m3u

Litazaliwa faili lenye majina ya nyimbo zote za folda hiyo, moja kila mstari. Lifungue kwa Notepad, panga upendavyo, hifadhi. Kwa kuwa limo ndani ya folda ileile ya nyimbo, hakuna haja ya kuandika njia yoyote. Onyo dogo: amri hii huweza kuharibu herufi zenye alama juu yake, kwa hiyo nyimbo za Kikongo zihakiki moja moja.

Tano, kurudi toleo la zamani, kama ni lazima

Watu wengi hutaka kuanza na hatua hii. Mimi naiweka ya tano kwa makusudi.

Android haikubali kirahisi toleo la zamani likae juu ya jipya. Ni lazima uliondoe jipya kwanza, na kuondoa ni kufagia, kama nilivyosema. Kwa hiyo usithubutu kabla orodha zako hazijatoka nje na ukazijaribu kwenye pleya nyingine.

Kama pleya yako ilikuja na simu kutoka kiwandani, una bahati: kwenye mipangilio ya programu hiyo, ndani ya nukta tatu, kuna chaguo la kuondoa masasisho. Itarudi kama ilivyotoka kwenye boksi, tupu. Kama uliipakua F-Droid, ghala la programu huria, ukurasa wake huonyesha na matoleo kadhaa yaliyotangulia, chagua uliyoizoea. Play Store haina kipengele cha matoleo ya zamani, na kwa iPhone mlango huo mtumiaji wa kawaida hana.

Inabaki njia ya kutafuta mitaani faili la APK, yaani faili la kusakinishia programu ya Android. Sikukatazi, lakini fikiri. Unapoapdeti, simu hulinganisha saini ya programu mpya na ya ile iliyomo, na zikitofautiana inakataa. Ukishaiondoa ile ya kwanza, hakuna tena cha kulinganishwa nacho, na APK iliyochezewa itaingia bila kubishiwa. Faili lililozunguka kwenye magrupu kumi ya WhatsApp mimi siliweki kwenye simu yenye hela zangu za M-Pesa kwa ajili ya kitufe cha kuburuta.

Sita, kuhamia pleya nyingine

Tengeneza orodha ya nyimbo tatu tu, ya majaribio, yenye wimbo mmoja wa jina refu na mmoja ulio kwenye memori kadi. Jaribu pleya nayo. Ikizisoma zote tatu kwa mpangilio, endelea. Isiposoma, iondoe uende nyingine, hujapoteza kitu.

VLC, inayotengenezwa na VideoLAN, shirika la Ufaransa lisilo la faida, ni ya bure, haina matangazo, na inasoma M3U. Sura yake si ya kuvutia, lakini nimeshaikuta kwenye kompyuta za kumbi nyingi, kwa hiyo orodha ileile naifungua huko pia. Musicolet niliipendea mambo mawili: haiombi intaneti kabisa, na inakuruhusu kuwa na foleni kadhaa kwa pamoja. Kwenye sendofu hilo ni dawa. Foleni moja ya keki, nyingine ya zawadi, nyingine ya kucheza. MC akibadilisha ratiba bila kukwambia, na atabadilisha, unaruka foleni hadi foleni na kila moja inakumbuka ilipoishia.

Pleya yoyote utakayoichagua, ijaribu na jambo hili: ongeza wimbo kwenye orodha ndani ya pleya, kisha uitoe orodha nje, uifungue kama maandishi. Ukiuona wimbo mpya umeandikwa, hiyo inaandika vizuri kama inavyosoma. Zipo zinazosoma tu. Hizo si mbaya, ila ujue orodha halisi ni ile iliyo kwenye folda, na mabadiliko unayafanyia huko.

Saba, funga mlango wa apdeti

Fungua Play Store, nenda kwenye ukurasa wa pleya yako, bonyeza nukta tatu juu, ondoa tiki ya kujisasisha. Hilo linahusu programu hiyo moja. Usizime apdeti za programu zote kwa hasira ya moja. Za benki, za simu ya fedha na kivinjari ziache zijisasishe, maana humo apdeti huziba mianya ya wezi. Pleya isiyoingia mtandaoni hatari yake ya namna hiyo ni ndogo. Nikitaka kuiapdeti, nasoma kwanza kilichobadilika na maoni ya waliotangulia, na sifanyi hivyo kuanzia Alhamisi mpaka Jumapili.

Flashi ya akiba

Spika nyingi za kuchomeka flashi, na redio nyingi za magari, hazijui M3U ni nini. Baadhi hupiga nyimbo kwa majina, nyingine kwa namna zilivyonakiliwa, wa kwanza kuingia ndio wa kwanza kulia. Ili uzikomeshe zote mbili, zipe nyimbo namba mwanzoni mwa jina, 001, 002, 003, kisha formati flashi iwe tupu, unakili wimbo mmoja baada ya mwingine kwa mpangilio huo. Sifuri za mbele usiziache. Bila hizo, spika nyingi zitapiga 1, kisha 10, kisha 11, na 2 utaisikia wageni wakiwa wanatafuta bodaboda.

Waandikie, lakini waandikie vizuri

Kutoa nyota moja na kuandika "mmeharibu" kunaburudisha roho dakika tano. Mtengenezaji hapati cha kufanyia kazi. Malalamiko yenye maelezo yanaweza kuzaa matunda: Apple walipotoa iTunes 11 mwishoni mwa Novemba 2012, kipengele cha kuonyesha nyimbo zilizojirudia kilikuwa kimeondolewa, na kwenye toleo la 11.0.1 la Desemba mwaka uleule kikarudi. Nyongeza nyingine haikuwa na bahati hiyo. iTunes DJ iliondoka moja kwa moja na nafasi yake ikachukuliwa na foleni ya nyimbo zinazofuata.

Niliwaandikia hivi wenye ile pleya yangu: "Natumia toleo jipya kwenye Android 13. Kabla ya apdeti niliweza kuburuta wimbo ndani ya orodha na kusimamisha muziki wimbo ukiisha. Sasa sivioni. Napiga muziki kwenye sherehe na mpangilio ndiyo kazi yangu. Mnaweza kuvirudisha, hata kama ni ndani ya mipangilio?" Nikaongeza namba ya toleo na skrinshoti mbili. Walijibu baada ya wiki tatu kwamba kuburuta kunarudi. Kuhusu kusimamisha hawakusema neno.

Kuburuta kulirudi kweli, lakini mimi nilikuwa nimeshahama. Siku ya shughuli, nikishatoka gesti, simu ya muziki naiweka kwenye hali ya ndege na haitoki humo mpaka viti vikunjwe. MC ameshazoea: akinitaka, anamtuma mtoto.